Mvinyo wa Shamba Moja

Chubwi! Kitu kizito kilitumbukia majini nyuma ya jiko. Tevin, aliyekuwa akipangusa glasi ukumbini, akahisi moyo umemtumbukia pamoja nacho.

"Mzee Dena, chupa yangu iko wapi?"

"Imo mtungini, inaoga," mpishi akajibu, bila hata kugeuza shingo.

Tevin nusura alie. Mwezi mzima alikuwa amemsumbua Madam Viola, mwenye hoteli hii ndogo ya Shella, Malindi, auze mvinyo mwekundu wa Burgundi, Ufaransa: uliotoka shamba moja tu la mizabibu, na bei yake haimfukuzi mtu mezani. Madam alinunua chupa mbili za majaribio. Ya kwanza aliionja jana, akakunja uso. Leo ni ya pili. Ikimpendeza, Tevin atakabidhiwa vinywaji vyote. Isipompendeza, atarudi kufuta viti vya bwawani, yeye na vitabu vyake vya mvinyo.

"Mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba, Mzee. Imeandikwa."

"Aliyeandika aliishi Malindi?"

Tevin akazidi kuipangusa glasi.

"Vyumba vya kwao ni vya blanketi," Dena akasema. "Humu hata siagi inatoka jasho. Jana uliiweka wapi?"

"Rafuni. Juu ya meko."

Dena alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Nusu saa baadaye, chupa ikiwa bado majini, kengele ya mezani ikalia. Hapakuwa tena na muda wa kubishana. Tevin akaiopoa chupa, akaifuta, akatoka kifua mbele.

"Jana ulininywesha dawa ya kikohozi," Madam Viola akamwambia. "Leo ndiyo mwisho."

Akaonja. Akaonja tena, polepole.

"Huu si ule wa jana."

"Ndio ule ule, Madam."

"Basi leo umeufanyaje?"

Jibu tamu lilikuwa tayari ulimini, limevaa suti na tai. Tevin akalimeza, nalo likamkwaruza koo.

"Mimi ndiye niliyeuchemsha jana. Aliyeuponya ni Mzee Dena, kwa mtungi wake wa maji."

Dena akaitwa, akaja akijifuta mikono.

"Nieleze wewe," Madam akasema. "Huyu ananiimbia shamba moja, shamba moja. Lina faida gani?"

"Baba yangu alikuwa mgema kule Kilifi, Mama. Aligema minazi ya shamba letu tu. Mnywaji akipiga funda moja, anajua tembo hili ni la kwa nani. Anayechanganya la huku na la kule ana jambo analificha."

Madam akasogeza glasi ijazwe tena.

"Uandikeni kwenye orodha. Na vinywaji, Tevin, ni vyako."

Tevin akamgeukia mpishi.

"Mzee, nakuahidi mbele ya Madam: mgeni akiniuliza nani alinifundisha mvinyo, nitamtajia mtoto wa mgema wa Kilifi. Na akicheka, atakunywa maji."