Magongo Ukutani

Jumapili, tarehe nane Februari, kulipambazuka Toronto kwa baridi ya digrii ishirini na moja chini ya sifuri, na upepo ulikuwa ukipiga miluzi kwenye pengo la dirisha la bafuni. Générose alikuwa ameketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea, mguu wa kulia ameuegemeza juu ya ndoo iliyogeuzwa, akilitazama goti lake kama mtu anavyomtazama mwizi aliyemkamata kwake.

Lilikuwa limevimba tena. Kovu la upasuaji lilikuwa limevutika mpaka likang'aa. Alijaribu kulinyoosha, likagoma kabla ya kufika mwisho.

"Nyooka," aliliambia. "Nyooka, mpumbavu wewe."

Halikunyooka. Akafumba macho asali, kama alivyosali kila asubuhi tangu utoto wake Uvira, lakini maneno yalipita katikati ya meno yaliyobana. "Bwana, milima umeisimamisha haitikisiki. Goti la mtu mmoja ukalifunga kwa uzi?" Hakusema amina. Alikuwa na hasira mno.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Mchana alilea wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Don Mills, na kwa miaka minne sasa, kila Jumanne na Alhamisi jioni, alikuwa mwanafunzi wa judo katika ukumbi wa jamii karibu na nyumbani. Hata judo yenyewe aliianza kwa hasira. Katika majira yake ya kwanza ya baridi aliteleza kwenye barafu kituoni pa basi, akalala chali kama gunia, na watu watatu wakampita huku wakitazama simu zao. Miaka ilipita bila kuisahau barafu ile. Alipoona tangazo la darasa la watu wazima, lililosema kwamba jambo la kwanza watakalofundishwa ni kuanguka, alijiandikisha siku hiyohiyo. Akina mama wa kanisani walimsema sana. Mwanamke mzima kuviringishana sakafuni! Tena anauinamia mkeka kabla ya kuukanyaga!

"Kwani ninyi mkimsalimia mkwe hamwinami?" aliwauliza, akaenda zake.

Halafu ikaja Novemba. Wiki mbili kabla ya mtihani wa mkanda wa kahawia, mwenzake alimkamata vibaya. Mguu ulibaki umegandamia mkeka huku mwili ukizunguka, na kano la ndani ya goti likakatika kwa mlio aliousikia kwa masikio yake. Desemba alipasuliwa, akawekewa kano jingine.

Hayo yote angeyavumilia. Kilichokuwa kikimtafuna ni Januari.

Katika wiki ya kufunga na kuomba, Pasta Télesphore alimwekea mikono. Ngoma zilikuwa zinalia, watu wanaimba, na joto lilipanda kutoka kwenye nyayo likaingia gotini. Hilo hakulizusha, alilihisi. Akayatupa magongo. Akazunguka kanisa mbio mara mbili, vigelegele vikimfuata, na mashemasi wakayatundika yale magongo ukutani nyuma ya mimbari, kwenye misumari miwili, yawe ushuhuda. Tangu siku hiyo hakugusa tena mazoezi aliyoandikiwa hospitali. Kuinua mguu mara kumi, kupumzika, kuinua tena, kwake ilikuwa sawa na kumwambia Mungu usoni kwamba hakumwamini. Alikuwa ameshashuhudia. Aliyeshuhudia hachechemei.

Ijumaa mtaalamu wa viungo, Mkenya aliyeitwa Chelagat, alilibonyeza goti lile.

"Mama, mazoezi unafanya?"

"Ninaomba."

"Hata mimi ninaomba. Nimekuuliza mazoezi." Chelagat alivua glavu. "Kano jipya halijashika. Ukiendelea kulitembelea hivi, bila magongo na bila mazoezi, litakatika, na safari hii sina hakika kama watapata cha kuunganisha. Judo utaisahau. Kuinua wazee nako utakusahau."

Na jana, Jumamosi, kazini kulikuwa na Bi Shahnaz.

Kwa ajili ya goti, Générose alikuwa amepewa shughuli nyepesi: kukunja mataulo, kulisha, kuwahesabia wazee mazoezi. Bi Shahnaz, mzaliwa wa Mwanza, alikuwa na miaka themanini na minne, nyonga ya chuma, na ulimi uliokuwa umewachosha walezi wengine wote.

"Kumi tu, Bibi. Inua."

"Inua wewe."

"Bibi, usipoinua hutatembea."

"Ala! Na wewe je? Tangu asubuhi unakwenda kama meza iliyokatika mguu, halafu unanihesabia mimi! Kumi zako umefanya?"

Générose alikunja upya taulo lililokuwa limeshakunjwa.

"Mwongo," alisema Bi Shahnaz kwa furaha kubwa, akajivutia blanketi. "Siku utakayofanya zako, nami nitafanya zangu. Sasa niletee chai. Na sukari uweke, usiibanie."

Neno lile moja, mwongo, lililala naye, likaamka naye.

Alikuwa anavaa viatu vya theluji simu ilipolia. Pasta.

"Mama Générose, Bwana asifiwe! Leo tuna wageni kutoka Ottawa. Nitakuita mbele. Utakimbia kidogo tu, mzunguko mmoja, nao waone matendo ya Bwana."

"Pasta, goti hili..."

"Goti lilishapona, mama. Usimpe shetani nafasi." Akakata.

Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi kumchukia. Lakini Télesphore alikata nyama kiwandani usiku kucha siku tano kwa wiki, na baada ya upasuaji ni yeye aliyempandishia mifuko ya chakula hadi ghorofa ya tatu, akihema, bila kumwambia mtu.

"Mama, unachechemea," alisema binti yake Joyeuse, kwa Kiingereza kama kawaida yake.

"Sichechemei. Ni barafu."

"Humu ndani?"

"Washa gari, Joyeuse."

Kanisa lilikuwa ghala la zamani, na maegesho yake hayakuwa yamemwagiwa chumvi. Générose alishuka, akafunga mlango, akapiga hatua tatu za mtu aliyepona. Katika ya nne goti lilimkimbia.

Hakupata muda wa kufikiri. Kidevu kilishuka kifuani chenyewe, mgongo ukajikunja kama bakuli, mguu mbovu ukapaa hewani mbali na madhara, na mkono wa kushoto ukaipiga barafu kwa kiganja kizima, *pa!*, mlio uleule wa kila Jumanne na kila Alhamisi. Kisha kukawa kimya. Alikuwa amelala chali chini ya mbingu nyeupe, na hapakuwa na kilichovunjika.

"Mama! Mama!" Joyeuse alikuja akiteleza.

"Usinivute! Nipe bega lako tu. Kaa karibu, kiuno chako kiwe karibu na changu."

Ndivyo alivyowainua wazee. Ndivyo pia, kwenye mkeka, alivyowaangusha watu. Aliinuka, kiganja kikimwaka moto, na hasira ambayo kwa wiki nne ilikuwa imeligeukia goti ikageuka ikaangalia upande mwingine. Miaka minne ya jioni zile ilikuwa bado imo mwilini, haijaondoka, ilikuwa ikimngoja. Na yeye alikuwa karibu kuitupa yote kwa ajili ya mzunguko mmoja mbele ya wageni.

"Twende nyumbani," alisema Joyeuse.

"Tutakwenda. Kuna vitu vyangu humo ndani."

Ibada ilikuwa imeshapamba moto. Wageni wa Ottawa walikuwa safu ya mbele, makoti magotini. Magongo yalining'inia nyuma ya mimbari, na mtu alikuwa ameyafunga utepe mwekundu. Générose alipouona utepe ule, mashavu yalimchoma.

"Yupo dada yetu hapa!" Pasta aliita kwenye kipaza sauti. "Aliingia kwa miguu minne, akatoka kwa miwili! Mama Générose, njoo! Njoo uwaoneshe!"

Ngoma zikaanza. Alipita katikati ya viti, polepole, akichechemea waziwazi, bila kuficha hata kidogo. Vigelegele vilianza, vikapungua, vikakatika. Alimpita Pasta. Alizunguka mimbari, akanyoosha mikono, akayashusha magongo, kwanza la kulia kisha la kushoto. Utepe aliuvuta kwa meno akauweka juu ya mimbari. Ukutani ikabaki misumari miwili.

"Mama," alinong'ona Pasta, mkono umefunika kipaza sauti, "unavunja imani ya watu."

"Imani yangu iko palepale, Pasta." Hakunong'ona, sauti ilifika mlangoni. "Kilichovunjika ni goti, na nimekaribia kulivunja mara ya pili kwa kuwaogopa ninyi!"

"Ee Yesu!" alisema mama mmoja.

"Mwacheni aseme," alisema mwingine.

Pasta Télesphore alimtazama, akayatazama magongo, kisha akamtazama Joyeuse aliyesimama kwenye njia ya katikati akilia. Aliuondoa mkono wake kwenye kipaza sauti. Taratibu, kama mtu anayemwachia mwingine kiti, akamsogezea.

Générose aliyaweka magongo chini ya makwapa. Theluji ya maegesho ilikuwa bado imemganda mgongoni mwa koti. Ikayeyuka, ikadondoka sakafuni tone kwa tone. Aliinamisha kichwa, na hakuna aliyejua kama alikuwa anaomba au anasalimia, kwa jinsi walivyomfundisha kule ukumbini. Kisha akainua uso.

"Wapendwa, sijapona. Nilisema nimepona, na sijapona. Mungu nilimsikia, ila sikumngoja amalize." Alivuta pumzi. "Sasa muwe mashahidi wangu, na ninyi wageni pia. Kuanzia leo nitauinua mguu huu mara kumi, mara tatu, asubuhi na jioni, na nitaomba huku ninauinua. Siku nitakayoamka nimekasirika, nitauinua na hasira yangu. Kesho nitakwenda nimwambie bibi mmoja kazini kwamba zangu nimefanya, naye afanye zake. Hospitali wameniambia miezi tisa. Iwe tisa, iwe kumi na tisa. Na jioni ile nitakayorudi kwenye mkeka, ninawaahidi, nitawaita nyote, na wewe Pasta nitakuwekea kiti cha mbele, mje mnione ninavyoanguka."