Majoho Yaliyobisha Hodi

Majoho ya mahafali yalifika Mokowe kwa lori, yakavushwa kwa boti hadi kisiwani Amu, na Jumatatu asubuhi Bi Mwanaarabu, afisa manunuzi wa tawi la chuo, alikuwa akifungua masanduku kwa kisu cha jikoni. Alipotia mkono katika joho la kwanza kukagua upindo, sauti ya kike ikasema kutoka ndani, "Hodi." Aliligeuza joho upande wa pili, akaendelea kukagua.

Kufikia adhuhuri masanduku yote yalikuwa yakibisha hodi, kwa lafudhi za nchi mbalimbali, na wahadhiri wa chumba cha jirani walikuwa wamefunga madirisha. Majoho yalishonwa ng'ambo, katika kiwanda ambacho hakuna mtu wa chuo aliyewahi kukiona. Yalichaguliwa kwa bei yake. Wahenga walisema rahisi ghali, lakini wahenga hawakukaa kwenye kamati ya zabuni.

"Walioshona wamefungiwa, Bwana Mugambi," Mwanaarabu alimwambia mkuu wa tawi. "Tusiyapokee. Tutume mtu akaone hicho kiwanda."

"Kampuni iliapa kwamba haimlazimishi mtu kazi. Na mahafali ni Alhamisi, Bi." Mugambi alikuwa mtu wa bara, ila alikuwa amekaa Amu vya kutosha kuzijua adabu za wenyeji. "Si mgeni akibisha hodi mara tatu asijibiwe, hurudi alikotoka?"

"Ndiyo sunna."

"Basi mtu asijibu."

Hakuna aliyejibu. Hodi ya tatu ilipita sanduku baada ya sanduku, pakawa kimya. Mwanaarabu naye alitii, akiona haya, mpaka sanduku la mwisho. Humo joho moja lilibisha kwa sauti ya Thuraya, bintiye, aliyekwenda Arabuni kushona na ambaye simu yake ilikuwa haipatikani tangu Ramadhani. Likabisha tena. Mwanaarabu aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Karibu, mwanangu," akawahi kusema. "Ngia."

"Siwezi, mama. Mlango umefungwa kwa nde."

"Uko nti gani?" mama akataka jina la nchi.

"Hawatwambii."

Alhamisi joho lile lilivaliwa na Aliya, mwanafunzi wa biashara, kwa kuwa ndilo lililomtosha. Alipopanda jukwaani, lilikuwa likiuliza kama bibi angali mgonjwa. Mwanaarabu alijibu kutoka upande wa wanawake kwamba kapoa, alhamdulillahi. Wageni waheshimiwa walingoja mazungumzo yaishe, kisha Aliya akatunukiwa shahada.

Wiki iliyofuata Mugambi aliiandikia kampuni kulalamikia kelele. Hakutaja watu. Kampuni iliomba radhi siku hiyohiyo na kuahidi kulishughulikia jambo hilo, na chuo kikaiongezea mkataba. Mwanaarabu alikuwa amelipeleka joho nyumbani, amelipakata, likimwuliza habari za mtaani. Sauti ikakatika katikati ya neno, wala joho halikusema tena.

Masanduku ya mwaka uliofuata yalikuja kimya. Mwanaarabu aliyafungua yote mwenyewe, akapekua joho moja moja, na katika mojawapo akaukuta upindo wa Thuraya, uliofungwa mafundo mawili mwishoni kama mama alivyomfundisha. Aliliita jina la bintiye humo ndani mpaka sauti ikamkauka.

Mugambi alisimama mlangoni, akasikiliza kidogo, akasema safari hii wameletewa mzigo uliotulia. Kisha akatia sahihi ya kuupokea.