Bunge la Dishi

Kinyozi alinunua dishi kwa ajili ya mama mkwe wake. Yeye mwenyewe hakuwa na haja na televisheni. Kutwa nzima habari za dunia zilimfikia kutoka vinywani mwa wateja, na akirudi nyumbani alitaka kunyamaziwa. Lakini mama mkwe alikuja kukaa nao akiuguza nyonga iliyopasuliwa, na tangu alipoingia na mkongojo wake hakuwahi kumsemesha mkwewe moja kwa moja. Hawakuwa wamegombana. Ilikuwa ni heshima tu, iliyozidi kipimo ikaganda.

"Mwambie mume wako chumvi iko mbele yake," angemwambia binti yake, wote watatu wakiwa meza moja. Mke angegeuka na kusema chumvi iko mbele yako. Kinyozi angeshukuru, na shukrani zake zingerudishwa kwa njia ile ile, zikifika zimeshapoa.

Tatizo ni kwamba mke alikuwa nesi. Akiingia zamu ya mchana, nyumba ilibaki bila mjumbe. Siku kinyozi alipofunga duka mapema, walikaa wawili hao kwenye makochi yanayotazamana, kila mmoja akisoma kucha zake. Mteja mmoja alipomwambia kwamba zipo chaneli za bure, zisizotaka malipo ya mwezi, zinazomwagika kutoka angani juu ya kila bati, na mwenye dishi anakinga tu kama anayekinga maji ya mvua, neno hilo lilimkaa rohoni. Jumamosi ya wiki ile ile akarudi nyumbani na dishi kichwani, king'amuzi kwapani, na waya shingoni.

Hakutaka fundi. Alisema mtu anayeweza kuweka mstari ulionyooka juu ya kichwa cha mtoto anayelia hashindwi na sahani ya bati.

Kwanza alilifunga nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, na halikuona kitu, kwa sababu dishi linataka anga tupu mbele yake na jani moja bichi linatosha kulifumba macho. Akalihamishia juu ya paa. Huko akagundua kwamba nguzo imeinama, na nguzo ikiinama kila kipimo kilicho juu yake kinainama nayo. Akafunga mkasi kwenye uzi, akauning'iniza, akanyoosha nguzo mpaka ikalingana na uzi. Dira ya simu nayo ikamchezea shere: kwa jinsi alivyozungukwa na mabati, kaskazini ilikuwa popote simu ilipojisikia. Akashuka, akaenda mpaka katikati ya uwanja mbali na chuma, akaupata upande aliotakiwa kuelekea, akaulaza mti wa ufagio chini uwe alama, akapanda tena.

Kisha akalishika dishi kama anavyoshika kichwa cha mteja, viganja viwili, vidole gumba nyuma ya masikio, akaliinua kidevu kidogo, akaligeuza kidogo, akangoja. Ndani, skrini ilionyesha mistari miwili, mmoja wa nguvu na mmoja wa ubora. Wa nguvu ulijaa tangu mwanzo. Wa ubora ulikuwa sifuri. Mke akampazia sauti kutoka dirishani kwamba nguvu ipo, ubora haupo, kisha akajisemea kwamba wodini kwao wapo madaktari wa namna hiyo.

"Mwambie mume wako ashuke kabla hajawa mgonjwa wako," mama mkwe alisema kutoka kwenye kochi.

Kinyozi hakushuka. Alilisogeza dishi kwa upana wa unywele, na mstari wa ubora ukaruka. Akakaza nati, akateremka mbio, akabonyeza rimoti king'amuzi kitafute chaneli. Kilitafuta kwa muda mrefu, kikaleta moja.

Ilikuwa ni ukumbi mkubwa wenye viti vyekundu. Watu waliovaa suti walikaa kwa safu, na mmoja baada ya mwingine alisimama na kusema kwa lugha ambayo hakuna aliyewahi kuisikia mle ndani. Lilikuwa bunge. La nchi gani, skrini haikusema, au ilisema kwa maandishi yale yasiyosomeka. Kinyozi alielewa alichokosea. Setilaiti zimejipanga angani kama nyumba za mtaa mmoja, naye alikusudia mlango huu akabisha hodi kwa jirani. Akachukua spana arudi juu.

"Mwambie asubiri kwanza," mama mkwe alisema. "Yule mama mwenye miwani amekasirika. Nataka kujua kwa nini."

Ikawa kila mchana ni bunge. Mwenye miwani wakamwita Miwani. Aliyembishia kila mara, mwanamume mwembamba kama mlingoti, wakamwita Mrefu. Nyuma yao alikaa mzee aliyelala kikao kizima na kuamka tu wakati wa kubonyeza kitufe. Huyo alikuwa Msinziaji, na alipendwa na wote. Kufikia wiki iliyofuata mama mkwe alikuwa ameshajua kila kitu: Miwani ni mjane, Mrefu ni shemeji yake, na kinachogombaniwa pale ni mirathi.

Mchana mmoja mke akiwa kazini, kinyozi alishindwa kujizuia. Akisema na televisheni, siyo na mtu, alitamka kwamba huyu Mrefu anaonekana mtu mvumilivu, anajibiwa vibaya na bado hainui sauti.

Mama mkwe akaugeuza mwili wote, nyonga mbovu na nzima, akamtazama.

"Wewe usiniambie habari za nyuso," alisema. "Kazi yako iko kisogoni."

Ndilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia. Kinyozi alijibu, naye akajibiwa, na mke aliporudi na mkoba wake begani aliwakuta wanabishana uso kwa uso kama watoto wa tumbo moja. Alisimama mlangoni akisikiliza. Alifurahi kwa muda wa kuvua viatu. Baadaye aliuliza nani ameweka chakula jikoni, hakuna aliyemsikia.

Jambo likavuka kizingiti, likafika dukani. Wateja wakaanza kuja nyumbani kuangalia, kisha wakarudi kwenye viti vya kunyolea kuchambua. Wakagawanyika. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akawa mtu wa Miwani kufa kupona. Siku kinyozi alipomwambia, mashine ikiwa imefika nusu ya kichwa, kwamba Miwani ana kiburi, fundi viatu alisimama, akavua kitambaa cha shingoni, akatoka. Alishona viatu wiki nzima akiwa na nywele upande mmoja, na kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba ni suala la msimamo.

Nyumbani kelele zilizidi mpaka mke akatishia kuukata waya kwa mkasi wa wodini. Badala yake wakamfanya Spika, kwa kuwa hakuwa upande wowote. Hata chakulani hakuna aliyesema bila kunyoosha mkono.

"Mheshimiwa Spika," mama mkwe angesema, "mwambie mheshimiwa aliye mbele yangu ateme mfupa taratibu." Na mke, akiwa amechoka na zamu yake, angeligonga sufuria kwa kijiko na kuiagiza meza itulie.

Ndipo akatokea mpishi wa meli. Alikuwa amekula ujana wake kwenye bandari za watu, na alikuja dukani kunyolewa kabla ya kusafiri tena. Kusikia kisa, alisema huenda lugha hiyo anaijua. Kinyozi alifunga duka, akampeleka nyumbani akiwa bado na povu shavuni, na pande zote mbili zikaitwa. Mpishi alikaa, akaomba sauti iongezwe, akasikiliza kwa makini huku anakunywa chai.

Mwishowe alisema ni kweli, lugha anaielewa. Wanajadili kengele. Ile kengele ya kuwaita wabunge ukumbini. Mrefu anataka ilie mara moja. Miwani anataka mara mbili. Wameshalijadili tangu mvua za mwaka jana, na kura itapigwa Alhamisi.

Kinyozi aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Fundi viatu alijishika kichwa, upande wenye nywele. Mtu mmoja alianza kutafuta viatu vyake aende zake.

"Mara mbili," mama mkwe alisema. "Mtu anaweza kuwa chooni."

Kinyozi aligeuka. Alisema mtu makini humtosha mara moja, na asiyesikia ya kwanza hana analolitafuta kwenye ya pili. Fundi viatu akadakia kwamba kengele ya kwanza ni ya kuamsha na ya pili ndiyo ya kuita, kila mwenye akili anajua. Aliyekuwa akitafuta viatu alikaa tena. Ule wa mirathi ulikuwa ugomvi wa kubahatisha. Huu sasa waliuelewa, na uliwaka kama petroli. Mpishi wa meli aliondoka bila kuagwa, povu likiwa limemkaukia shavuni.

Alhamisi ikaja na upepo. Sebule ilijaa mpaka watu wakakalia ndoo. Miwani alisimama kusema neno la mwisho, akafungua mdomo, akakatika vipande vipande kama vigae, kisha skrini ikawa nyeusi. Kinyozi alikuwa juu ya paa kabla hajajua anafanya nini. Nati ilikuwa imelegea na dishi linayumba kwa upepo. Spana ilikuwa chini, mvua ilikuwa imeanza. Akalikumbatia, akalirudisha, akasikia sebule nzima ikishusha pumzi. Akilegeza mikono, picha inapotea. Kwa hiyo alibaki hapo, shavu limebana kwenye bati, maji yanamwingia mgongoni, akiwaonyesha wengine kura ambayo yeye mwenyewe hawezi kuiona.

Mke alikuwa kazini. Aliyetoka ni mama mkwe. Alijikokota mpaka chini ya ukingo wa paa, akasimama mahali ambapo aliiona televisheni kupitia dirishani, akaanza kumsimulia.

"Msinziaji ameamka," alimpazia sauti.

"Amebonyeza ipi?"

"Haijulikani. Amelala tena."

Tarakimu zikatokea, alisema, mbili, moja kubwa na moja ndogo, lakini ipi ni ya nani hakuna ajuaye. Miwani analia. Mrefu anampa mkono. Ndani watu wa Miwani walishangilia kwa sababu ni machozi ya furaha, na watu wa Mrefu walishangilia kwa sababu ni ya uchungu, na kelele zikawa moja. Mpishi wa meli alikuwa ameshaondoka na meli yake.

"Mama," kinyozi aliuliza kutoka juu, meno yakigongana, "nani ameshinda?"

Mama mkwe alitazama dirishani. Akainua uso, akamtazama mwanamume aliyekumbatia sahani kwenye mvua.

"Nyinyi," alisema. "Mara moja. Haya shuka, mwanangu, utaugua."

Ndani hakulirudia neno hilo mbele ya wenzake, na kinyozi hakumuomba alirudie. Alimpa taulo, akamwekea chai, akamwambia kwa ukali asikae kwenye kochi na nguo mbichi.

Upepo ulipopita, kinyozi alipanda na spana akakaza kila kitu upya, na kwa kutojua akaiangukia ile setilaiti aliyoitaka tangu mwanzo. King'amuzi kilijaa chaneli. Kulikuwa na filamu, mpira, nyimbo, na watu wakipika kwa lugha inayoeleweka. Walizipitia zote mchana mmoja. Mama mkwe alisema ni nzuri, ila hakuna anayemjua humo.

Kwa hiyo kinyozi akapanda tena, akaliinamisha dishi kidevu, akaligeuza kwa upana wa unywele. Ukumbi ukarudi, lakini viti vilikuwa vitupu. Bunge lilikuwa limekwenda likizo. Nyonga ilikuwa imeshapona na binti yake alishamwambia akitaka anaweza kurudi kwake, lakini mama mkwe alisema hawezi kuondoka kikao kikiwa hakijafunguliwa.

Wanakaa mchana, yeye na mkwewe, wanautazama ukumbi. Mara moja kwa siku anapita mfagiaji.

"Leo ameanzia kulia," mama mkwe alisema juzi.

Kinyozi alifikiri. Alisema anaona ana sababu zake, kwani upande ule ndio wenye vumbi.

"Vumbi lipi?" mama mkwe akauliza, akaanza kugeuza mwili.