Bata wa Siku ya Ishirini na Nane

Watoto ishirini na wawili walichora sufuria. Mwalimu Herminia alikuwa amewaambia wachore mahali anapotoka kifaranga wa bata, akitarajia mayai, au kiota, au hata bata mwenyewe amejikunyata. Wapi! Alipita katikati ya madawati akitazama karatasi moja baada ya nyingine: sufuria, moto, mvuke, na pembeni kibakuli cha siki na chumvi. Mmoja aliyejitahidi kuliko wenzake alimchora kifaranga akichungulia kwenye ukingo wa sufuria huku anatabasamu.

Na kwa nini wasichore hivyo? Mtaa mzima ule wa kando ya ziwa Laguna, Ufilipino, unaishi kwa balut. Mayai ya bata hulazwa kwenye matenga na kupashwa joto siku kumi na saba, kifaranga akishaanza kuumbika humo ndani, mfupa laini na manyoya ya kuhesabika, yai linachemshwa na kwenda kuuzwa. Mlaji hulibomoa kichwani, akanywa mchuzi wake, akala kilichobaki. Ni tamu, asikudanganye mtu. Lakini hakuna yai linaloachwa lifike siku ya kumi na nane; hata bata wa kutaga hununuliwa wakubwa kutoka mbali. Herminia amezaliwa hapo, amekulia hapo, ana miaka thelathini na sita, na hajawahi kumwona bata akitoka kwenye yai.

Aliona aibu, kisha akapandwa na hasira, na hasira ya Herminia siku zote huishia kwenye kazi. Pale pale aliwaambia watoto kwamba kabla shule haijafungwa watamwona bata anatoka kwenye yai, mzima, kwa macho yao wenyewe. Akasema naahidi. Mtoto wa miaka mitano ukimwambia naahidi, usifikiri atasahau. Atakuuliza kila asubuhi kabla hata hajakuamkia.

Mayai aliyafuata kwa Mang Teroy, yaani Mzee Teroy, fundi wa balut mkongwe kuliko wote, babu yake Lualhati wa darasa lile lile. Mzee alimpa mayai mabichi kumi na mawili, tenga, pumba za mpunga za kujazia, na somo juu. Kaanga mpunga mpaka upate moto wa kustahimilika mkononi, utie kwenye vifuko, laza mayai kati ya vifuko, yageuze asubuhi na jioni. Ukitaka kujua kama joto limekaa sawa, weka yai juu ya jicho lililofumbwa, mkono unaweza kukosea lakini jicho halikosei. Ila siku ya kumi na saba uyachemshe, akasisitiza. Herminia akashukuru, akabeba tenga. Hakutaka kugombana mapema.

Kitabu cha chekechea kilikuwa na picha ya kuku amelalia mayai. Herminia alikifunga. Bata wetu hawalalii, aliwaambia watoto. Bata wa hapa akishataga, huyoo ziwani kutafuta konokono, wala hageuki nyuma.

"Sasa nani anayalalia?" akauliza Lualhati. Alikuwa kitoto chembamba, mkaidi kuliko umri wake.

"Sisi," alisema Herminia.

Basi wakayalalia. Kila asubuhi watoto walijipanga mstari, jicho moja limefumbwa, na mwalimu akapita akiwawekea yai mmoja mmoja. Siku za mwanzo walicheka tu wakisema linatekenya. Kufikia siku ya kumi walikuwa wanatoa hukumu bila utani: hili limepoa, hili sawa, hili lisogezwe katikati. Jumamosi na Jumapili Herminia alikuwa akilikumbatia tenga tumboni kwenda nalo nyumbani, na majirani wakamuuliza mimba ina miezi mingapi.

Siku ya kumi na saba iliangukia Jumatatu, na Jumatatu hiyo akaja mkaguzi kutoka wilayani. Herminia aliitwa kwenda kumtembeza madarasani. Huku nyuma, watoto wakiwa nje wanacheza, Aling Sabel, yaani Mama Sabel, mpishi wa uji wa watoto, aliingia chekechea. Naye alikuwa anahesabu siku, mtaani pale nani hahesabu? Akaona mwalimu ameshughulika, mgeni hajatia kitu mdomoni, na mayai kumi na mawili ambayo kesho yatakuwa na manyoya magumu. Akafanya ambacho mwanamke yeyote mwenye ubinadamu wa mtaa ule angefanya.

Ziara ilipokwisha mkaguzi alitangulia ofisini, na Herminia alipomfuata baadaye alimkuta anajifuta midomo.

"Mwalimu, mkono wa balut unao," mkaguzi alimsifu. "Laini kabisa."

Kwenye sahani kulikuwa na maganda tu. Mengine yalikuwa mbele ya mwalimu mkuu, mengine mbele ya walimu wawili. Aling Sabel alisimama mlangoni na mwiko wake, akisubiri ahsante. "Nimekuokolea, dada," alisema. "Kesho yangekuwa ya kutupa."

Utamfanya nini mtu kama huyo? Herminia alisema ahsante kwa kuwa mgeni yupo, akatoka akasimama nyuma ya choo mpaka pumzi ikamrudia. Kisha aliingia darasani akawaambia watoto ukweli: mayai yamepikwa, yameliwa. Wengi hawakushtuka hata kidogo. Mmoja aliuliza kama yamebaki. Lualhati peke yake ndiye aliyebaki amekunja uso.

"Ulisema tutamwona," alisema.

"Mtamwona."

"Lini?"

Hapo ndipo pagumu. Shule ilikuwa inafungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, na baada ya hapo watoto wale wangetawanyika kwenda shule kubwa, wasiwe wake tena. Yai la bata linataka siku ishirini na nane. Mwalimu mkuu, ambaye bado alikuwa ananuka siki, alimshauri awaonyeshe picha mambo yaishe. Herminia alihesabu kwa vidole. Kutoka Jumatatu ile mpaka Ijumaa ya kufunga ni siku kumi na moja. Kumi na saba na kumi na moja ni ishirini na nane. Alichukua tenga tupu akaondoka nalo.

Uani kwa Mang Teroy walikuwa wanaopoa mayai ya siku hiyo, na wachuuzi wamekaa kwenye ngazi wakisubiri. Herminia aliinama, akaushika mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wake kama inavyompasa mdogo, akaomba mayai manane ya siku kumi na saba. Mzee akamwambia achukue hata ishirini. Kisha akaliona tenga na vifuko vyake, akaelewa.

"Ya kula nakupa bure," alisema. "Ya kuangua, hapana."

Sababu aliitoa mbele ya watu. Miaka arobaini na miwili ya ufundi, na hakuna yai lililowahi kulia uani kwake, kifaranga akapaza sauti ndani ya ganda. Fundi ambaye yai limelilia kwenye tenga lake anaitwa msinziaji, aliyelala siku ikampita. Kulikuwa na mmoja kule chini, Usting, lilimtokea mara moja tu, sasa ni mwaka wa ishirini na watoto bado wanamlilia kwak kwak akipita.

Herminia angeweza kusema haya basi, ni ya kula. Wazo hilo lilimpitia, tusimsingizie utakatifu. Lakini Lualhati alikuwa kizingitini anasikiliza. "Ni ya kuangua," akarudia.

"Basi nenda zako, mwalimu."

Hakwenda. Aliweka tenga chini. "Mang Teroy, siku ya ishirini yai linataka nini?"

Mzee akageukia mayai yake.

"Na ya ishirini na tano? Linataka joto zaidi au lipoe? Likae kavu au lipate maji?"

"Sijui. Nijue ya nini?"

"Basi wewe ni fundi wa nusu yai."

Wachuuzi waliguna. Mmoja alianza kucheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Maneno hayo, kwa mzee wa miaka sabini na mmoja, uani kwake! Herminia alijua amevuka mpaka, masikio yakamwaka moto, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja. Mzee aliinuka polepole. Alilichukua tenga, akachagua mayai manane ambayo hayajachemshwa, akiyaweka moja moja kwenye jicho, akayafunika.

"Nusu," alisema. "Nitakuonyesha hiyo nusu nyingine."

Na tenga alilibeba mwenyewe mpaka shuleni, akitangulia mbele.

Tangu hapo alikuwa akija kila asubuhi kabla ya kengele. Siku tatu za kwanza alizungumza na watoto na mayai tu, mwalimu akawa anapitwa kama nguzo. Aling Sabel, ambaye alikuwa ameelezwa akaelewa na aibu ikamwingia kweli kweli, alihamishia kigoda chake mlangoni pa darasa akakaa hapo na mwiko, akilinda. Mwalimu mkuu alipotaka kuchungulia aliulizwa anatafuta nini.

Siku ya ishirini na moja Mang Teroy aliweka yai jichoni, akakunja uso. Akachukua la pili, la tatu. Akaamuru vifuko vyote vya mpunga vitolewe. Herminia alikataa: ukiyatolea joto si utayaua? Hapo ndipo mzee aliposema naye kwa mara ya kwanza.

"Njoo. Fumba jicho."

Alimwekea yai. Halikuwa linapokea joto, lilikuwa linatoa. Kiumbe kilichokuwa ndani kilikuwa kimekua mpaka kinajipasha chenyewe, na wao walikuwa karibu kukichemsha kwa mapenzi. Wakatoa vifuko vyote. Walibahatisha pia kwamba bata anayelalia angerudi kwenye mayai ameloa kwa maji ya ziwa, hivyo watoto wakapewa vitambaa vya maji wayapanguse mayai mara mbili kwa siku. Mang Teroy alisimamia kazi hiyo kwa ukali, mtoto akibonyeza sana anapokonywa kitambaa. Jumatano ya mwisho Lualhati aliliweka yai sikioni badala ya jichoni, akasikiliza, kisha akasema kuna mtu anabisha hodi.

Alhamisi mayai mawili yalipata ufa, na kwenye ufa mmoja ikaonekana ncha ya mdomo. Halafu basi. Ijumaa ikafika na sherehe yake, joto la Machi limebana, wazazi wamevaa vizuri, watoto wameimba na kupewa vyeti vyao vyenye utepe. Saa tisa alasiri kila kitu kilikuwa kimekwisha na mayai yako vile vile. Tambi zilikuwa zinapoa mezani. Mwalimu mkuu alishika kipaza sauti kuwashukuru watu na kuwaaga.

Herminia alimnyang'anya kipaza sauti. Hakuwa na hotuba. Alisema watoto hawa aliwaahidi kitu, leo ndiyo siku yake na hakuna nyingine, kwa hiyo hakuna anayeondoka. Kisha akaliweka tenga juu ya meza ya tambi na kuvuta kiti.

Watu wakatazamana. Hao walikuwa watu walioshika mayai maelfu kwa maelfu, na wengine walikuwa wanaona mchezo. Lakini watoto walikwishazunguka meza, na mzazi hawezi kumwacha mtoto wake, basi wakavuta viti nao. Ikapita nusu saa. Ufa ukasogea kidogo, ukasimama. Ndani kiumbe kilikuwa kinahema, ganda linapanda na kushuka. Kikasukuma, kikachoka, kikalala. Kikasukuma tena. Aling Sabel alisema kwa sauti ya chini kwamba kinakufa, akaambiwa anyamaze.

Mang Teroy hakuweza kuvumilia. Kidole gumba chake kilikwenda chenyewe kwenye kichwa cha yai, kidole kilichobomoa balut tangu mwenye kidole hajaota meno yote, na kucha ikaingia ukingoni mwa ganda.

Lualhati alimpiga mkono. Paa.

"Usimbomolee, babu. Hujamaliza kuona. Mwache atoke mwenyewe."

Vichwa vyote viligeuka. Mtoto wa miaka mitano amempiga babu yake mbele za watu. Mama yake aliinuka ili amtoe pale, lakini mzee akamzuia kwa macho. Aliurudisha mkono wake, akauweka chini ya paja, akaukalia.

Kifaranga alitoka saa kumi na robo. Alisukuma mara tatu mfululizo, kofia ya ganda ikainuka, akaanguka nje ameloa, mbaya wa sura, kama kitambaa cha kuoshea vyombo. Alilala hapo. Herminia alidhani watoto watapiga kelele, lakini ishirini na wawili wote walikuwa wameziba midomo kwa mikono, na machozi yakamtoka mwalimu bila kuyaficha, maana ahadi ilikuwa imetimia na walikuwa wameiona. Kichwa kikainuka, kikayumba, kikamtazama mtu wa kwanza aliyekuwa mbele yake, na huyo alikuwa Mang Teroy.

Ndipo watu walipopumua, wakaanza kucheka na kupakua tambi, kila mmoja akimsimulia mwenziwe kile kile ambacho wote walikuwa wamekiona. Mzee hakuondoka mezani. Alikuwa anatazama yai la pili. Mkwe wake, aliyeachiwa kazi, alikuja mbio kutoka uani kwake: maji yamechemka, wachuuzi wamejaa kwenye ngazi, tenga la leo limetimiza kumi na saba na likikaa mpaka kesho limeharibika.

"Waambie wazime moto," alisema Mang Teroy bila kugeuka. "Hilo la leo lipite."

Mkwe alidhani hakusikia vizuri, akauliza lipite kwenda wapi.

"Litakakofika. Miaka arobaini na miwili, bwana, na sikujua vifaranga wanafanya kazi ngumu hivi."

Herminia alimsogezea sahani ya tambi, akakaa karibu naye, na Lualhati akapanda kwenye kiti kati yao ili aone vizuri.