Sala ya Kumuaga Jacklyne

Phares, karani mstaafu wa reli, aliidharau Romania kwa moyo wake wote, na hata uwanja wa ndege wa Nairobi alikuwa akiuona kwenye habari tu. Tangu bintiye Jacklyne apate kazi huko, kwenye kiwanda cha nyaya za magari, mzee alikuwa hana kazi ila kusaka ubaya wa nchi hiyo kwenye simu, na akiupata, mtaa mzima wa Shauri Moyo utausikia.

"Walipiga kura, mahakama ikaifuta, wakarudia," alimwambia jirani yake Simiyu. "Hiyo ni serikali au mchezo wa watoto?"

"Si hata ya kwetu iliwahi kufutwa, mzee?"

"Ya kwetu ilikuwa na sababu!"

Jumamosi nyumba ilijaa watu wa kanisa waliokuja kumuaga Jacklyne. Chai ikanywewa, nyimbo zikaimbwa, ikabaki sala ya baba. Kwao mtoto hasafiri baba akiwa amenuna. Angeondoka kama aliyefukuzwa. Phares alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alikaa kitini akijikuna kidevu na kuwasubirisha.

"Nisimame kuombea upuuzi?" akasema. "Vijana wao wenyewe wamekimbilia Ujerumani na Italia. Kodi imepanda, bei zimepanda, vijijini wamebaki vikongwe. Sasa wanamtaka mtoto wangu awashikie nyumba waliyoikimbia! Watu gani hao wasio na haya?"

Aluoch, mkewe, akainamisha kichwa kwa aibu. Jacklyne hakuinamisha chake.

"Baba, shamba letu la kijijini Ugunja analilima nani?"

"Si unajua. Yule kibarua Mganda."

"Na nyanya, nani humchotea maji?"

"Huyohuyo."

"Na wewe na ndugu zako mko wapi?"

Mtu mmoja akaweka kikombe chini polepole. Phares alitaka kusema kwamba Nairobi ni tofauti, kwamba aliitwa na reli, kwamba hutuma pesa kila akizipata. Akaitafuta ile dharau yake isiyomwishia, asiione. Mara ya mwisho kumwona mama yake ilikuwa Krismasi, tena si hii iliyopita. Aliona haya, na watu wakamwona.

Akasimama, akamshika binti yake mkono.

"Bwana," akaanza, "umlinde mtoto huyu kwa hao watu walioacha mama zao..."

Sauti ikamkatikia hapo, na Aluoch ndiye aliyesema amina.