Matundu Kumi na Manne

Jumanne tarehe 11 Juni 2024 ndiyo siku mambo yalipoharibika, ingawa mke wangu alikufa Alhamisi. Nasema Jumanne kwa sababu ndiyo siku niliyoshika sindano.

Jengo letu la mtaa wa Bellevue lilipoungua, wakubwa wa jiji walituweka uwanjani, kwenye mahema ya duara kumi na manne. Yameiga nyumba za wafugaji wa mbali wanaohamahama: mbavu za mbao zinazokunjwa, turubai juu yake, na katikati ya paa tundu la kutolea moshi. Hema zuri, sikatai. Wafugaji wale walijua wanachofanya.

Wakubwa wetu hawakujua. Kamande, Mkenya aliyesimamia kambi, alikuja na karatasi.

“Mzee Gustave, si wewe ni fundi cherehani? Watu wanalia baridi. Ofisi imesema matundu yote yafungwe.”

Célestine, mke wangu, alinishikia ngazi. “Na moshi wa mbabula utapitia wapi?” Mbabula ni jiko letu la makaa.

“Mlangoni,” nikamjibu. “Hao wamesoma, mama. Sisi tuliishia darasa la nne.”

“Wewe la nne. Mimi la tano, usinishushe.”

Tukacheka. Nikashona mshono mara mbili, kwa uzi wa mabegi ya safari.

Alhamisi asubuhi nilienda mtaa jirani wa Yeoville kununua kitambaa. Niliporudi mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya baridi, makaa bado mekundu, maharagwe yamekauka sufuriani. Célestine amelala ubavu, mwiko mkononi. Nilidhani amesinzia.

Tulimzika Jumatatu. Kesho yake nilipanda juu ya hema la jirani yetu Jeanne, mwenye kichanga cha wiki tatu, nikaanza kufumua kwa wembe. Kamande akaja mbio.

“Mzee, shuka. Huyo mtoto akishikwa na baridi utajibu wewe?”

“Nitamfunika,” Jeanne akamjibu toka ndani. “Papa Gustave, wewe kata tu.”

Nilikata. Mshono wangu mwenyewe ulinitoa jasho. Yote kumi na manne, hadi saa tisa.

Niliposhuka nilimwomba Kamande ile karatasi. Akanipa, hakunitazama usoni. Ina muhuri, lakini mahali pa sahihi ni patupu. Kiingereza sikijui, patupu napajua.

Nimeipeleka ofisi tatu. Kila afisa ananipa pole, kisha ananionyesha mlango mwingine. Nami nauliza lilelile: ni nani aliyesema yafungwe?