Upana wa Mlango

Siku niliyopata uhamisho wangu wa kwanza nilitoka ofisini kwa mkuu wa kikosi nikitembea kijeshi, kifua mbele, mpaka nilipokata kona ya karakana. Pale nilirusha kofia juu nikaidaka. Mafundi wenzangu wa magari wakacheka, mmoja akaniuliza kama nimeposwa tena. Nikamwambia ni zaidi ya hapo. Miaka minne nimelala chini ya malori yaleyale nikifungua nati zilezile zilizoota kutu, na sasa nilikuwa naenda kituo kipya, tena kama kiongozi wa zamu. Nyumba tungepewa hukohuko, na lori la kikosi lingekuja Jumamosi asubuhi kubeba vyombo. Kitakachokosa kupanda siku hiyo ndiyo basi, kimebaki.

Nilifika nyumbani nikampa mume wangu habari kabla sijavua buti. Mume wangu ni seremala. Mtaa mzima unamwita Fundi na mimi pia namwita Fundi, isipokuwa nikiwa na hasira, hapo simwiti kitu. Ni mtu wa maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu mdomo ukafika masikioni, akanikumbatia na grisi yangu yote. Kisha akageuka akalitazama kabati, akautazama mlango, akalitazama tena kabati, na lile tabasamu likaanza kushuka taratibu.

"Fundi," nikasema. "Usiniambie."

"Nililitengenezea humuhumu ndani," akasema.

Kabati hilo linahitaji maelezo. Kabla sijaolewa niliishi bwenini kambini, na mali yangu yote ilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nguo za kiraia nilizitoa humo zimekunjamana utadhani zimetafunwa na ng'ombe. Fundi alipokuja kunichumbia hakuleta maneno matamu, hana. Alisema tu kwamba nguo zangu hazitalala tena kwenye sanduku. Tulipopanga chumba hiki alileta mbao mojamoja, akajifungia humu jioni baada ya jioni, akatoka na kabati la milango mitatu, refu kunizidi, pana kama ukuta, halina msumari hata mmoja. Lote ni gundi na ndimi za mbao zilizochomekwa kwenye matundu yake. Kila mgeni alilazimishwa kuligonga kwa ngumi asikie lilivyo imara. Nilimwambia siku zile, mimi mtu wa magari, kwamba kila kitu lazima kiwe na bolti, maana ipo siku kitahitaji kufunguliwa. Alinuna siku mbili. Akaniambia kitu chenye bolti kimetengenezwa na mtu asiyejiamini.

Jumapili tulijaribu kulitoa. Fundi alimwita kaka yake pamoja na kinyozi wa jirani, mtu mwenye mikono laini na ushauri mwingi. Walilisimamisha, wakalilaza, wakalipindua kichwa chini miguu juu. Kinyozi alishauri lipakwe mafuta. Shemeji yangu alishauri tung'oe fremu ya mlango, na hapo mama mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama uani muda wote huo na kikombe chake cha chai, akakohoa.

"Mlango wangu uacheni," akasema. "Na kabati liacheni. Nitapangisha chumba na kabati lake, mpangaji atafurahi."

"Mama, siku tunahamia ulituambia nyumba njema si mlango," nikamwambia.

"Ndiyo. Nikawaambia mfungue muingie ndani. Habari ya kutoka sikuisema."

Tulicheka mpaka kinyozi akakaa chini. Fundi hakucheka. Alipitisha kiganja ubavuni mwa kabati, pale lilipochubuka kwa kugonga fremu, akasema polepole, "Wewe tangulia, mke wangu. Mimi nitafuata."

Nitafuata. Nimekaa jeshini muda wa kutosha kulijua neno hilo. Wapo dada zangu wa kikosini walioambiwa "nitafuata" wakaondoka peke yao, na hao waume wanafuata mpaka leo. Mwanaume kumfuata mke kwenye kazi yake si jambo ambalo watu hulinyamazia. Wenzake walikwisha kuanza kumwuliza kama atafundishwa kupiga saluti kabla ya kuingia chumbani. Hapa ana wateja, ana jina, na kule hakuna amjuaye. Niliogopa kwamba hatakuja, na mimi nikiogopa hukasirika, ndivyo nilivyoumbwa. Nikajibu "sawa", kwa sauti ile ambayo kila mtu aliyeoa anajua si sawa hata kidogo.

Wiki ile nilifungasha peke yangu na kwa kishindo. Sufuria ziliingia ndani ya sufuria. Vikombe nilivivika soksi za jeshi, na sijaona kikombe kilichowahi kuvunjika ndani ya soksi ya jeshi. Godoro nililikunja nikalipiga kamba kama mfungwa. Lakini uhamisho wa kwanza ni uhamisho wa kwanza, furaha ilinitoka hata nikiwa nimenuna. Nilijikuta napiga mluzi wa kwata huku nafunga mafundo, kisha nakumbuka kwamba nina hasira, nanyamaza.

Fundi alikuwa akirudi amechelewa, anakula, analala. Nikimwuliza anafanya nini huko kazini, ananijibu, "Kazi za watu, namalizia." Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nausubiri huo mshindo roho mkononi. Kilichonichochea zaidi ni kwamba spana yangu namba kumi na tatu ilikuwa imepotea. Ile si ya kikosi, ni yangu mwenyewe, niliinunua kwa mshahara wangu wa kwanza, na haichezewi na mtu. Niliisaka ndani ya sufuria, nikafungua hata godoro. Nilimtuhumu kinyozi. Nilimtuhumu mama mwenye nyumba.

"Mwanangu, mimi nataka kabati," akanijibu. "Spana ya nini?"

Alhamisi jioni nilikuwa nimekaa juu ya boksi la vyombo, simu ikaita. Alikuwa Filimbi. Huyu tulikuwa naye mafunzoni, tukampa jina hilo kwa sababu ya sauti yake, ambayo hufika kabla yake. Yuko kwenye kituo kilekile nilichokuwa nakwenda.

"Mumeo ana akili timamu?" akaanza, bila hata salamu.

"Kafanya nini tena?"

"Ananiandama tangu Jumapili. Kwanza nikapime mlango wa mbele wa nyumba mtakayopewa. Nikapima. Juzi nikapime wa chumbani. Nikapima. Leo anauliza kama ndani kuna kona, na kona yenyewe inageukia wapi. Shoga, niko zamu mimi. Watu wananiona natambaa na tepu kwenye nyumba tupu, wanadhani nimehama jeshi nimekuwa mjenzi. Mwambie shemeji kona inageukia kulia, na aniache nipumzike."

"Jumapili ipi?" nikamwuliza.

"Hii iliyopita. Kwani alianza kuniudhi lini?"

Jumapili ileile ya "nitafuata". Filimbi aliendelea kulalamika na mimi machozi yananitoka huku nacheka. Mtu hapimi mlango asiokusudia kuuingia. Nikamshukuru Filimbi, nikavaa kandambili, nikatoka mbio hata mlango sikufunga.

Banda la Fundi liko nyuma ya soko, limeezekwa mabati na limejaa harufu ya maranda. Nilimkuta amepiga magoti, kanipa mgongo, anahangaika na stuli. Kando yake kulikuwa na stuli nyingine kama tano, zote mbaya kupita maelezo, zote zimeungwa kwa bolti. Moja ilikuwa imelegea miguu kama mlevi, nyingine imepasuka pale bolti ilipobanwa kupita kiasi. Na mkononi mwake ilikuwamo spana yangu namba kumi na tatu.

"Unaishika kama mwiko," nikasema.

Alishtuka akaiangusha. Alipoona hana pa kuificha, akakaa kwenye maranda.

"Nilitaka nijifunze kwanza kwa vitu vidogo," akasema. "Kabla sijalikata lile kabati. Nikilikata vibaya halirudi."

"Si ungeniambia nikufundishe? Bolti ndiyo kazi yangu."

"Mimi ndiye niliyekuambia kitu chenye bolti ni cha mtu asiyejiamini. Ningeanzia wapi?"

"Na ile 'nitafuata' je?"

Alijikuna kichwa, maranda yakamwagika mabegani. "Niliona sitamaliza kabla ya Jumamosi. Na nilikuahidi habari ya nguo zako. Sikutaka ufike kule, siku ya kwanza kabisa, uanze kufungua sanduku. Nikasema nibaki siku mbili tatu, nije na kabati."

"Siku mbili tatu?"

"Wewe ulidhani ngapi?"

Sikumwambia nilidhani ngapi. Nilimwambia nguo zangu zinaweza kulala hata kwenye gunia, ila mimi siwezi kulala kwenye nyumba asiyokuwamo yeye, na akilitamka tena neno lile nitamfungia ndani ya kabati nimpakie hivyohivyo. Akasema halitapita mlangoni. Tulicheka mpaka fundi viatu wa banda la pili akagonga mabati kutaka kujua kuna nini.

Kisha nikapiga magoti karibu naye nikamwonyesha. Bolti haikazwi kwa hasira, ingawa mimi ndiye wa mwisho kulisema hilo. Unaikaza kwa vidole mpaka ikatae, ndipo unaleta spana, robo mzunguko tu, na chini yake unatanguliza kipete cha chuma ili isile mbao. Yeye naye akanionyesha jinsi mbao inavyovimba siku za mvua, kwa hiyo tundu huachiwa nafasi ya kupumua. Tuliharibu stuli mbili zaidi. Ya tatu nilisimama juu yake, tukaifungua yote, tukaifunga, nikasimama tena, ikatulia tuli.

Ijumaa Fundi aliweka msumeno kwenye kabati. Niliuona mkono wake unasita, nikamwekea wangu begani. Akavuta pumzi, akakata, na baada ya hapo hakusita tena. Yeye alikata viungo na kutoboa matundu, mimi niliingiza bolti, zawadi ya kuagana kutoka kwa mafundi wa karakana. Wengine huagwa kwa saa ya ukutani, mimi niliagwa kwa mfuko wa bolti, na sijapata zawadi iliyonifurahisha vile. Mchana kinyozi alikuja na ushauri mpya, tukampa kipande cha msasa akatulia. Jua linapozama kabati lilikuwa limesimama palepale pake, na mama mwenye nyumba akaja akaligonga kwa ngumi.

"Mbona ni lilelile?" akasema, na furaha yake haikujificha.

Fundi akanipa spana. Nilifungua ya kwanza, nikafungua ya pili, na kabla chai ya mama mwenye nyumba haijapoa kabati lilikuwa vipande saba vimeegemea ukuta. Alivitazama, akashusha pumzi. Kuagana ni vizuri kuwe na cha kuachiana, kwa hiyo tulimwachia ile stuli imara, pamoja na moja iliyolegea kwa ajili ya wageni asiowapenda.

Jumamosi lori lilifika mapema. Dereva alikuwa sajini wa makamo mwenye sharubu nene, akashuka kwa uchovu wa mtu aliyehamisha nyumba nyingi. "Haya, kabati lisilotoka liko wapi?" akauliza. "Huwa halikosi."

Tukaanza kupitisha vipande. Vilipita mlangoni kimoja baada ya kingine bila kugusa fremu, na kila kimoja kikipita kinyozi alipiga kofi moja. Cha saba kilipotoka ua mzima ulikuwa unapiga makofi, na sajini naye alipiga, asijue anampigia nani. Fundi alisimama katikati ya ua na tabasamu lile la siku ya kwanza, lote, limerudi mahali pake.

"Koplo, nafasi yako iko mbele," sajini akaniambia. "Bwana atakaa nyuma na mizigo."

"Afande, naomba ruhusa ya kukaa nyuma. Kuna bolti za kuangalia."

Alimtazama Fundi, akanitazama mimi, sharubu zikacheza kidogo. "Bolti," akasema. "Haya, pandeni."

Tulikaa juu ya godoro, migongo yetu kwenye milango ya kabati, tukampungia mama mwenye nyumba aliyekuwa amekalia stuli yake mpya katikati ya ua. Lori likaanza kwenda. Fundi alikuwa ameshika ufito mwembamba uliopigwa randa vizuri, ambao asubuhi nzima alikataa ufungwe pamoja na mizigo mingine. Nilidhani ni kipande cha mbao kilichobaki.

"Na huo wa nini?" nikamwuliza.

"Huu ndio mlango wetu," akasema. "Wa mbele. Filimbi aliponipa kipimo chake Jumapili, niliukata Jumatatu asubuhi. Kila kipande cha lile kabati nimekipitisha hapa kwanza."

Akaulaza mbele yetu, ncha moja kwenye ukingo wa bega lake. Ncha ya pili iliishia katikati ya bega langu. Tulikuwa tumezidi. Nikamsogelea, nikasogea tena, bega langu likapanda juu ya lake, mpaka sote wawili tukaingia ndani ya ule ufito.

"Tunapita," akasema. "Ila itabidi tubanane."

Tukabanana, na lori likakata kona.